Biriani ya Saa Saba

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za chumba cha jezi, na wale wanaopokea kazi wakaniomba niwaandikie maelezo kidogo. Walitaka kujua sabuni gani, maji kiasi gani, na jezi zikunjwe vipi zisivunjike namba. Nilikaa chini kuandika mambo ya sabuni nikajikuta naandika mambo ya makocha. Mnivumilie. Mtu aliyefua nguo za watu miaka yote hiyo huwa na mengi moyoni, na kwa kawaida hakuna anayemuuliza.

Kufua nilijifunza katika hoteli moja Watamu, nikiwa nimetoka Dabaso na viatu vya kuazima. Mkuu wa dobi alikuwa Mzee Chengo, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno ya asubuhi. Siku ya kwanza nilichukua shuka nikalitumbukiza majini, akanipiga kofi la mkono. "Umelisoma?" akaniuliza. Nikamwambia Mzee, hili ni shuka, si gazeti. Akalitoa majini, akalitandaza juu ya meza, akanionyesha: hapa mtu amekunywa chai kitandani, hapa amepaka mafuta ya jua akalala bila kuoga, na upande huu haujalaliwa kabisa, kwa hiyo bwana na bibi wamegombana. Siku ya tatu wale wageni walihama, kila mtu na gari lake. Tangu hapo sikulowesha nguo kabla ya kuitazama vizuri.

Hoteli ilipoanza kupeleka nguo zake kwenye mashine za mjini, mimi na Mzee Chengo tulirudi nyumbani. Yeye alienda kulima mihogo. Mimi niliitwa Malindi na Mzee Athmani, aliyeanzisha klabu yetu kwa mpira mmoja na maneno mengi. Aliniuliza, "Kahindi, unajua mpira?" Nikamjibu kweli kwamba sijui. "Vizuri sana," akasema. "Wanaojua mpira tunao wengi. Hatuna anayejua kufua."

Na kweli hawakuwa naye. Kila mchezaji alikuwa akifua jezi yake kwao, na timu ikiingia uwanjani unahesabu rangi za buluu tano au sita. Mlinda mlango alikuwa ameipiga pasi namba yake mpaka ikamwachia nusu. Nilikusanya jezi zote katika gunia, nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna anayetoka na jezi mwilini. Wakanung'unika wiki mbili, halafu wakazoea, kama watu wanavyozoea kila jambo linalowapunguzia kazi.

Vifaa vyangu mmevikuta: mabeseni manne, burashi ya nywele laini na nyingine ngumu ya soksi, sabuni ya kipande, kamba ya uani na vibanio. Vibanio vya plastiki msivinunue, jua la Malindi linavivunja kwa mwezi mmoja. Jezi ianikwe kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Udongo mwekundu wa Voi usiusugue ukiwa mbichi; uache ukauke, ukung'ute, ndipo uloweshe. Damu ni maji baridi. Madoa ya manjano nitayafikia.

Jambo kubwa zaidi ni kuzisoma. Jezi yetu ni buluu iliyoiva, na jasho likikauka juu yake huacha chumvi nyeupe. Mchezaji aliyekimbia dakika zote, chumvi inamshuka mpaka kiunoni. Aliyesimamasimama, inaishia mabegani. Beki aliyejitupa chini, bukta yake inarudi na vumbi lote la uwanja. Aliyeogopa kuchubuka, bukta yake unaweza kuivaa kanisani. Nahodha wetu mmoja alikuwa na tabia ya kujimwagia maji ya chupa ili aonekane ametoka jasho. Maji ya chupa hayana chumvi. Sikumwambia mtu, ila nilikuwa nikimkabidhi jezi nikimtazama usoni, naye akaacha.

Basi. Msimu ninaotaka kuwaeleza ni ule uliofuata kifo cha Mzee Athmani. Uenyekiti alishika mwanawe, Swaleh, mtu mwema, mwenye kamati ya watu tisa na maoni kumi na manne. Kocha alikuwa Omari wa Takaungu. Omari ni mpole, anaongea taratibu, anasalimu mpaka mlinzi wa geti, na sijamsikia akimtukana mchezaji hata siku aliyojifunga mwenyewe. Mimi nilimpenda. Alikuwa kocha wa kwanza kunirudishia vizibao vya mazoezi vikiwa vimehesabiwa.

Mjane wa Mzee Athmani, Bi Zuhura, alitaka kumfanyia mumewe sadaka. Akaamua kwamba kila tunapocheza nyumbani, wachezaji wote watakula kwake, mtaa wa Shela, kabla ya mchezo, ili timu iingie uwanjani na baraka. Zamani Mzee alikuwa akiwapa chai na tende. Bi Zuhura hakuona tende kuwa ni chakula. Alipika biriani ya mbuzi. Mchezo ni saa tisa, biriani ni saa saba, sinia moja watu wanne, na sharubati ya ukwaju pembeni. Naye hakai jikoni. Anapita katikati ya masinia na shungi lake, anasimama juu ya kichwa cha kila mmoja. "Mbona huli, mwanangu? Chakula changu kibaya? Mzee alikupenda sana wewe." Baada ya maneno hayo, ni nani atakayeacha wali kwenye sinia? Mshambuliaji wetu alikuwa akila mpaka anapumua kwa mdomo.

Mimi biriani ile niliijua kwa madoa. Walikula wakiwa na fulana za kupashia misuli, na kila baada ya mchezo wa nyumbani nilikuta samli na zafarani vifuani na mikononi. Dawa yake ni ndimu na chumvi, usugue taratibu, kisha juani. Ndimu nilikuwa naziomba kwa Bi Zuhura mwenyewe, maana ana mndimu uani kwake unaozaa bila kupumzika. Kila wiki nabisha hodi, shikamoo Bi, marahaba Kahindi, ndimu ngapi leo?

Tukaanza kufungwa. Si kila mahali, nyumbani tu. Tukienda Voi tunatoka sare. Tukienda Mombasa tunashinda, tena watu wote wanashangaa. Tukirudi Malindi, mbele ya mashabiki wetu na ngoma zetu, kipindi cha kwanza tunakwenda nao, kipindi cha pili tunafungwa mabao mawili, matatu, wachezaji wanatembea uwanjani kama watu waliokuja kutazama kiwanja cha kununua. Tukashuka kwenye msimamo mpaka pale pa watu wa kushuka daraja. Kushuka kwetu si jambo dogo. Klabu ile ndiyo iliyobaki ya Mzee Athmani, na timu zilizoshuka kutoka pwani hii nyingi hazikusikika tena.

Wajuzi wakaanza kazi yao. Kundi la mashabiki kwenye simu likawaka kutwa kucha: Omari aende. Mmoja akasema goli la upande wa kusini limefanyiwa mambo. Mwingine akasema wachezaji wanampenda kocha mno, hawamwogopi. Mwingine, huyohuyo siku ya pili, akasema wachezaji hawampendi kocha, wanamhujumu. Swaleh alikuwa anasoma yote na kukonda.

Mimi nilikuwa na jezi. Baada ya mchezo wa tatu wa nyumbani nilizitandaza uani, nikakumbuka zilivyorudi wiki iliyotangulia kutoka Mombasa. Za Mombasa zilikuwa na chumvi mpaka kiunoni, namba zote. Za nyumbani, chumvi ilikuwa kwenye ukosi tu, na bukta safi. Kisha nikatazama fulana za kupashia misuli na yale madoa ya manjano. Mzee Chengo angelijua jambo lile akiwa amefumba macho. Wachezaji hawakumhujumu mtu. Walikuwa wameshiba.

Nilimpelekea Omari jezi mbili, moja ya safari na moja ya nyumbani. "Kocha, tazama. Za nyumbani hazina chumvi."

Akazitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye ukosi. Akatazama upande wa Shela, akanirudishia. "Zifue tu, Mzee Kahindi," akasema.

Nikaondoka nikimhurumia, nikijiambia maskini, hajaelewa.

Tulipofungwa nyumbani mara mbili zaidi, kamati ilikaa Alhamisi alasiri. Ajenda ilikuwa moja: tumbadilishe kocha au tusimbadilishe. Mimi nilikuwepo kwa sababu mkutano ulifanyika chumba cha jezi, ndicho chenye feni. Walibishana saa nzima. Waliotaka Omari abaki walisema amebakiwa na mechi chache, mgeni atafanya nini? Waliotaka aende walisema mtu akishafungwa nyumbani mara tano hana la kusema. Katikati ya mabishano ikaletwa birika ya chai na mahamri ya moto kutoka kwa Bi Zuhura. Swaleh akawakaribisha watu, halafu, sijui kwa nini, akanigeukia.

"Na wewe, Mzee Kahindi? Uko na wachezaji hawa kuliko sisi sote. Una lolote?"

Nilikuwa na hamri mdomoni. Hamri la mama yake. Nimwambie nini? Kwamba sadaka ya baba yako ndiyo inayotushusha daraja? Mbele ya watu tisa, mimi mfua nguo? Nilitafuna, nikameza, nikasema, "Sina, Mwenyekiti."

Mikono ikahesabiwa. Omari akafutwa kazi kwa tofauti ya mkono mmoja.

Alikuja kesho yake kurudisha vitu. Koti la benchi alikuwa amelifua mwenyewe, vibaya sana, sabuni imeganda kwenye mishono. Wakati mwingine ningemtania. Siku ile nilishindwa. Alinishika mkono, akaniambia ahsante kwa kila kitu, akaenda zake Takaungu. Niliona haya. Naiandika hapa kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kuona haya kama siku ile, na nilikuwa peke yangu na koti.

Kocha mpya alitoka Mombasa. Jina lake Benja, kijana nadhifu, mwenye ubao, sumaku za rangi, kompyuta ndogo na maneno marefu. Alituambia tatizo letu ni mfumo. Akabadilisha mfumo. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa nyumbani. Saa saba tukala biriani, naye Benja akaongezewa mara mbili kwa kuwa ni mgeni. Saa tisa tukaingia na mfumo mpya. Tukafungwa tatu bila, zote kipindi cha pili. Jezi zikarudi na chumvi kwenye ukosi.

Sasa zilibaki mechi tatu, zote nyumbani, na tulitakiwa tushinde mbili. Nilikwenda kwa Bi Zuhura kuomba ndimu nikiwa nimejiapiza kwamba leo nasema. Nilisema shikamoo. Nilisema ndimu. Nikakaa kwenye baraza nikitafuta pa kuanzia, naye akaanza kunieleza jinsi Mzee alivyokuwa akimjia ndotoni akiwa na uso mkunjufu tangu biriani ianze. Nilichoweza kutoa kilikuwa kingine kabisa.

"Bi," nikasema, "nawahurumia wale wageni. Wanatoka mbali, wanakaa kwenye jua pale uwanjani, sisi tuko huku tunakula."

Bi Zuhura akajishika kifua. "Wageni wana njaa? Katika mji wangu? Na hakuna aliyenambia? Lo, Kahindi, mmeniaibisha!"

Jambo lilipangwa pale pale. Wageni ndio watakaokaa kwenye masinia. Wachezaji wetu, kwa kuwa ni wenyeji, watanawisha watu mikono na kubeba sahani, na wao watakula jioni. Hivyo ndivyo mwenyeji anavyofanya, na hakuna aliyeona ajabu.

Timu ya kwanza iliyokula ilishukuru sana. Mpaka kipindi cha pili beki wao alikuwa ameinama ameshika magoti. Tulishinda mbili bila. Ya pili tukashinda tatu kwa moja. Ya tatu tukatoka sare, maana kocha wao alikuwa na ugonjwa wa sukari na akawakataza wachezaji wake wasile wali mwingi. Tukabaki kwenye ligi. Benja alialikwa redioni akaeleza mfumo kwa nusu saa, na kamati ikapongezana kwa ujasiri wa kubadilisha kocha kwa wakati. Mimi nilikunja jezi. Kama nilichofanya kilikuwa haki au si haki sijui, na padri wangu sijamuuliza, maana naye ni shabiki.

Lakini furaha yangu ilikuwa nusu. Kila waliposema "tungebaki na Omari tungeshuka," nilihisi lile hamri kooni.

Msimu uliofuata, ambao ndio wa mwisho kwangu, tulicheza na timu ya Kilifi. Kocha wao mpya alikuwa Omari. Walifika mapema, wakaongozwa Shela kama ilivyokuwa desturi sasa, na Bi Zuhura akatoka mwenyewe mpaka mlangoni. Masinia yalikuwa yameshatandazwa, harufu ya zafarani imejaa ukumbi. Wachezaji wetu walisimama na mabirika ya kunawisha. Swaleh alikuwepo. Mimi nilikuwa nimeshika taulo. Omari akayatazama masinia, akanitazama mimi, na nikajua palepale kwamba mtu huyu hajawahi kutoelewa kitu.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba, Omari mwanangu. Umetutupa! Karibuni, karibuni, kaeni mle."

"Bi, nakuomba radhi," Omari akasema, taratibu vilevile. "Wakila sasa hawataweza kukimbia. Tuwekee. Tutakula baada ya mchezo, tule kwa raha."

Swaleh akaanza kuchunguza dari. Mimi nililibana taulo kifuani nikingoja dunia ianguke.

"Baada ya mchezo?" Bi Zuhura akauliza. "Yaani magharibi?"

"Magharibi, Bi."

Bi Zuhura akavuta kiti akakaa. Akavua viatu, akanyoosha miguu. "Alhamdulillahi," akasema. "Tangu Mzee afe mimi naamka kabla ya alfajiri kukaanga vitunguu ili chakula kiwahi saa saba, miguu inaniwaka, nikidhani ndivyo mpira unavyotaka. Magharibi ningepika nimeshalala, nimeshapumzika. Mbona hakuna aliyenambia?"

Swaleh alimaliza dari akaanza ukuta.

Tulipokuwa tunakwenda uwanjani nilimsogelea Omari. "Kumbe ulijua?"

"Tangu mchezo wa pili," akasema. "Wachezaji wangu walikuwa wanacheua. Wewe ulijua lini?"

"Wa tatu."

"Na kwenye kamati hukusema."

"Sikusema. Nisamehe, Kocha."

Akacheka kidogo. "Mimi nilikuwa na siku zote za wiki, Mzee Kahindi, na kazi yangu ilikuwa inaniponyoka. Na sikusema. Siku ile ya jezi nilitaka kwenda kumwambia Bi Zuhura, nikafika mpaka mlangoni. Akanipa sharubati."

Mchezo ulikwisha sare, bao moja kwa moja, na ulikuwa mzuri kuliko yote niliyoona. Watu walikimbia mpaka filimbi. Nilimwomba Omari aniachie na jezi za timu yake nizifue, kwa ajili ya lile koti, nikazitandaza zote uani pamoja, zetu na zao. Chumvi mpaka kiunoni, namba zote.

Magharibi tulikula, timu mbili kwenye masinia yaleyale, na safari hii hakuna aliyehitaji kusihiwa. Bi Zuhura alipita na shungi lake mpaka akafika nilipokaa, akasimama juu ya kichwa changu.

"Kahindi," akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Mwaka mzima ulikuwa unakuja kwangu kila wiki kuomba ndimu. Ndimu za nini?"

"Za kutolea madoa, Bi."

"Madoa ya nini?"

"Ya biriani, Bi."

"Haya. Madoa uliniambia. Biriani hukuniambia."

Watu walicheka, na Swaleh alicheka kuliko wote kwa kuwa si yeye aliyeulizwa. Mimi niliinamia sinia nikala, macho yakiniwasha, na nilisingizia pilipili.

Sasa nyinyi mnaopokea. Burashi laini iko kwenye beseni la juu, ya soksi iko chini. Madoa ya biriani bado yatakuja, maana siku hizi wanakula wakiwa wamechoka na hawatazami mikono yao. Ndimu ziko uani kwa Bi Zuhura, bisheni hodi tu. Na mkiwa mmeona kitu kwenye jezi, mwambieni kabla hajawauliza ndimu ngapi.